Historia ya Wanawake Yawahitaji Wanaisimu, Tena Upesi

Muhula uliopita alinijia afisini mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne akiwa amebeba kiondo. Alikalia ukingo wa kiti, jinsi wanafunzi wakaavyo wanapokuja kudai alama ambazo hawakuzipata, akatia mkono kiondoni na kuniwekea mezani madaftari mawili ya shule, ya aina ile ya zamani iliyokuwa na jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Yalikuwa ya nyanyake. Ajuza huyo alikuwa katibu wa kikundi cha wanawake cha kununuliana mabati huko Murang'a, na humo ndimo alimoandika mambo yote ya kikundi. Daftari la kwanza linaanza mwaka 1971 na kukomea 1975. La pili linaanza 1979 na kuishia 1983. Nilipouliza kuhusu lile la katikati, msichana aliinamisha kichwa akanieleza kwamba shangazi yake alilichana karatasi za kuwashia moto.

"Mwalimu," akasema, "nataka kuyaandikia tasnifu ya uzamili. Lakini nyumbani wananiuliza nitakula nini."

Swali hilo ninalijua vyema, kwani nami niliulizwa nilipochagua isimu. Ila nakiri kuwa siku hiyo sikuwa na jibu la kumpa papo hapo, na makala haya ni jaribio la kulijibu kwa utulivu, kwa faida yake na ya wanafunzi wengine wenye kiu kama yake, pamoja na walimu wao ambao aghalabu ndio wa kwanza kuwakatiza tamaa.

Kwanza tuyatazame madaftari yenyewe. Vijana wa leo wanaoijua chama ya kuchangishana pesa kwa simu huenda wasijue kwamba mama zao wakuu waliivumbua shughuli hiyo kwa njia ngumu zaidi. Katika miaka ya 1960 na 1970, hususan katika sehemu za Kati, wanawake walijiunga katika vikundi, wakachanga shilingi chache kila mwezi au wakalima mashamba ya watu kwa ujira, na pesa zilizopatikana zikanunua mabati ya kuezekea nyumba ya mwanachama mmoja baada ya mwingine. Paa la mabati halikuwa pambo. Lilimwondolea mwanamke kazi ya kutafuta nyasi za kuezekea kila baada ya miaka michache, na mvua iliponyesha lilimkingia maji safi, akapumzika safari ya mtoni. Hii ni historia ya uchumi wa nchi yetu, na sehemu yake kubwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi katika madaftari kama yale yaliyokuwa mbele yangu.

Mimi si mwanahistoria. Mafunzo yangu ni ya lugha, kwa hiyo nilianza kuyasoma kama mtu wa lugha. Niligundua kuwa vichwa vya safu viliandikwa kwa Kiswahili: jina, pesa, deni, faini. Ugomvi uliandikwa kwa Kikikuyu. Kiswahili kilikuwa lugha ya hesabu na ya mambo yanayofanana na ya serikali, ilhali Kikikuyu kilikuwa lugha ya nani alimtukana nani. Kisha nikaona jambo jingine ambalo limenikosesha usingizi kwa siku kadhaa. Katika daftari la 1971 wanachama wengi wameandikwa kwa majina ya watoto wao: nyina wa Kamau, nyina wa Wanjiru, yaani mama wa fulani. Katika daftari la 1979 wanawake hao hao wameandikwa kwa majina yao wenyewe, mawili mawili, na kando ya baadhi ya majina pana nambari ndefu.

Nambari hizo ni za vitambulisho. Sheria ya usajili wa watu katika nchi hii, tangu enzi ya kipande, iliwahusu wanaume peke yao. Ilirekebishwa mwaka 1978 ili wanawake nao wasajiliwe na kupewa vitambulisho. Kabla ya hapo mwanamke wa Kenya angeweza kulima, kulipa karo, kujenga nyumba na kupiga kura, na bado asiwe na karatasi ya serikali mfukoni inayomtaja kwa jina lake. Yamkini mabadiliko ya majina katika madaftari haya yametokana na mabadiliko hayo ya sheria. Nasema yamkini, kwa sababu daftari la kati, la 1976 hadi 1978, ambalo lingetuonyesha ni lini hasa katibu alianza kuandika kwa namna mpya na pengine ni nani aliyemwambia afanye hivyo, lilichemsha chai.

Wenzangu kadhaa niliowasimulia kisa hiki walicheka. Mmoja aliniuliza tangu lini mwanamume mzima mwenye shahada ya uzamifu akajishughulisha na faini za akina mama. Tena idara moja katika chuo kimojawapo, ambayo msichana huyo aliipelekea pendekezo lake la utafiti, ililirudisha na maelezo mafupi: hii si isimu. Idara jirani ililirudisha na maelezo mafupi zaidi: hii si historia. Kwa mujibu wa wasomi wetu, basi, madaftari yale si kitu chochote.

Nawaomba wasomi hao wavuke mpaka watazame Uganda. Mwaka 2013 Rhiannon Stephens alichapisha kitabu kuhusu historia ya umama katika nchi hiyo tangu mwaka 700 hadi 1900. Msomaji atauliza: hati za mwaka 700 alizitoa wapi, ilhali hapakuwa na mwandishi? Alizitoa katika maneno. Alilinganisha Luganda, Lusoga, Lugwere na lugha nyingine jamaa, akayachunguza maneno yanayohusu uzazi, ndoa na ulezi, akatenga yale yaliyorithiwa kutoka lugha mama na yale yaliyozuka baadaye au kukopwa. Neno likipatikana katika lugha ndugu zote, na sauti zake zikapishana kwa utaratibu unaojulikana, tunaweza kukata kauli kwamba mababu walikuwa nalo kabla hawajatawanyika. Kwa njia hiyo alionyesha kuwa umama katika jamii hizo ulikuwa nguzo ya mamlaka. Anayejua habari za Buganda hatashangaa, maana namasole, mamake kabaka, alikuwa na baraza lake na watumishi wake mbali na kasri la mwanawe. Miaka mitatu kabla yake, 2010, Christine Saidi alikuwa ametumia mbinu za namna hiyo kuhusu mamlaka ya wanawake wa zamani katika eneo la Afrika ya Mashariki na Kati. Mbinu hizi ndizo tunazowafundisha wanafunzi wetu wa isimu katika mwaka wa pili, halafu tunawatungia mtihani na kuzisahau.

Hata bila kwenda mbali, hebu tuitazame arusi ya Kiswahili. Mahari na talaka ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Unyago na kungwi si ya Kiarabu. Bi arusi mmoja amekaa juu ya tabaka mbili za historia, moja iliyokuja na sheria ya dini na nyingine iliyokuwapo katika jamii za Kibantu, na lugha ndiyo iliyozihifadhi zote mbili bila ugomvi. Kila mwalimu wa Kiswahili anajua pia kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Tunalifundisha jambo hilo kama kanuni ya kauli ya kutendwa, twende zetu.

Nami sijitoi katika lawama hii. Kwa muda mrefu nimefundisha Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, na nikaufundisha kama orodha ya mawaidha ya mama kwa bintiye kuhusu kumtii mume. Wanafunzi wa kike hunung'unika, wa kiume hutabasamu, kipindi kikaisha. Sikuwahi kuuliza ni mwanamke wa namna gani aliyeweza, huko Siyu, kutunga na kuacha maandishi ya aina ile. Wala sikuwakumbusha wanafunzi kuwa alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala aliyepambana na Sultani wa Zanzibar, na kwamba alimwandikia bintiye akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufa. Mwaka 1991 Ann Biersteker alichapisha makala akipendekeza kwamba utii unaosifiwa katika utenzi huo usomwe kwa tahadhari, kwamba huenda mtunzi anamfunza bintiye namna ya kuishi na wenye nguvu kwa kutumia maneno. Unaweza kuukataa usomaji huo. Mimi mwenyewe siukubali wote. Lakini haukubaliki wala haukataliki na mtu asiyejua sarufi na msamiati wa Kiamu na Kipate. Historia ya mwanamke huyu imefungwa ndani ya lahaja, na ufunguo anao mwanaisimu.

Katika rafu yangu pana kitabu kingine ambacho ningetamani kila maktaba ya shule iwe nacho: Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichohaririwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel. Toleo la Kiingereza lilitoka mwaka 1989 na la Kiswahili 1991. Ndani yake wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy, wanasimulia maisha yao kwa vinywa vyao: arusi, ngoma, watumwa na mabwana zao, talaka, biashara. Strobel alikuwa ameandika mapema, mwaka 1979, kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, na humo akaeleza vyama vya lelemama, jinsi wanawake walivyoshindana kwa ngoma na nyimbo za mafumbo hata watu wakauza vitu vyao ili mtaa wao usishindwe. Mafumbo yale si mchezo kuyafasiri. Kila ukurasa wa masimulizi kama hayo umepita katika masikio ya mtu aliyekaa na kinasa-sauti, akarudisha kanda nyuma mara tano, akaamua kama alichosikia ni neno au ni kikohozi.

Kazi hiyo naijua. Nilipokuwa mwanafunzi niliajiriwa na mtafiti mmoja wa ng'ambo kunakili kanda za mahojiano na wanawake wazee. Nilinakili, nikafasiri, nikaongeza maelezo ya methali na matusi yasiyopatikana kwenye kamusi. Kitabu kilipotoka nilikitafuta jina langu tangu jalada hadi faharasa. Halikuwamo, hata katika shukrani. Lililoniuma zaidi ni kwamba kanda zilisafiri naye, na leo mjukuu wa bibi yeyote kati ya wale akitaka kuisikia sauti ya nyanyake atahitaji viza. Simtaji mtu huyo, kwani lengo langu si kulipiza. Nalitaja jambo lenyewe ili wanafunzi wajue kuwa kabla ya kukubali kibarua cha namna hiyo ni haki yao kuuliza mambo mawili: jina langu litakaa wapi, na nakala ya kanda itabaki wapi.

Sasa nirejee kwenye swali la chakula. Sitamdanganya msichana huyu. Nafasi za kudumu za uhadhiri ni chache, na wahadhiri wa muda hulipwa kwa kuchelewa, wengine wakamaliza muhula mzima wakikopa nauli. Anayeingia katika fani hii akidhani kuna kiti kinachomsubiri chuoni atasononeka. Hata hivyo, wanaosema hakuna kazi kabisa wanaitazama nchi kwa jicho moja. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makavazi. Kaunti arobaini na saba, na nyingi katika hizo hazina hata mtu mmoja anayejua kunasa masimulizi ya mzee, kuyanakili kwa tahajia sahihi ya lugha ya mahali na kuyapanga yakatafutika. Mahakama za Kadhi zimejaa majalada ya ndoa na mirathi. Susan Hirsch alizifanyia utafiti zile za Mombasa na Malindi, na katika kitabu chake cha mwaka 1998 akaonyesha kwamba wanawake, ambao jamii iliwatarajia wavumilie na kunyamaza, waliitumia lugha ya mashtaka kwa ustadi na mara nyingi wakashinda kesi. Wachapishaji wa vitabu vya shule, watengenezaji wa filamu za kumbukumbu, redio za lugha za kienyeji na makumbusho, wote hao huhitaji mtu wa namna hii, ingawa mara nyingi hawajui kuwa wanamhitaji mpaka atokee mlangoni.

Na kuna nyakati ambapo historia huingia mahakamani na kutoka na hundi. Wakenya walioteswa wakati wa Hali ya Hatari waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London mwaka 2009. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke, Jane Muthoni Mara. Wanahistoria walitoa ushahidi wao, na serikali hiyo ikalazimika kuzifichua mwaka 2011 nyaraka ilizozihamisha kutoka makoloni yake na kuzificha kwa miongo mingi. Juni 2013 iliafiki kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Anayesema masimulizi ya ajuza hayana thamani awaulize mawakili wa kesi ile.

Wala msichana huyu hatakuwa peke yake. Jumuiya ya wasomi wa historia ya wanawake imejengwa na watu walioanza bila kitu. Gerda Lerner, mkimbizi kutoka Vienna, alifundisha somo la historia ya wanawake jijini New York mwaka 1963 akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na mwaka 1972 akaanzisha mpango wa uzamili katika chuo cha Sarah Lawrence. Shirikisho la kimataifa la utafiti wa historia ya wanawake likaundwa 1987. Hapa kwetu barani, Makerere ilifungua idara ya masomo ya wanawake 1991, CODESRIA ya Dakar ikaanza mafunzo ya kila mwaka kuhusu jinsia 1994, na Cape Town ikafuata na taasisi yake 1996. Tabitha Kanogo, Mkenya, ametuandikia historia ya wanawake wa Kenya ya kikoloni, kitabu kilichotoka 2005. Tena katika ile juzuu kubwa ya maandishi ya wanawake wa Afrika ya Mashariki iliyotoka mwaka 2007, wahariri waliketi pamoja watu wa fasihi, wa lugha na wa tamthilia: Amandina Lihamba, Saïda Yahya-Othman na M. M. Mulokozi wa Dar es Salaam, Naomi Shitemi wa Moi, na Fulata Moyo wa Malawi. Hakuna aliyewaambia kuwa hiyo si isimu.

Inasikitisha kwamba jumuiya hiyo, kwa sehemu kubwa, huzungumza kwa Kiingereza. Bibi anasimulia kwa Kigiriama, mjukuu anaandika kwa Kiingereza, na bibi hawezi kukisoma kilichoandikwa juu yake ili aseme hapa umekosea. Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha Wagiriama mwaka 1913, akakamatwa na kupelekwa Kisii, akatoroka na kurejea Pwani kwa miguu, anafundishwa katika shule zetu kwa aya chache. Maneno ya kiapo na ya nyimbo za wakati ule yangestahili darasa zima, na mahali pake ni somo la Kiswahili na lugha za kienyeji sawasawa na somo la historia.

Walimu wenzangu wa shule za upili, hapa ndipo ninapowasihi. Likizo ijayo mwagizeni kila mwanafunzi amhoji mwanamke mmoja aliyezaliwa kabla ya Uhuru. Ayaandike maneno kama yalivyosemwa, bila kuyatia nguo rasmi za insha, aandike tarehe na mahali, na ahifadhi sauti kwenye simu. Simu hizo tunazowanyang'anya zingepata kazi ya maana. Muthoni Kirima, yule mwanamke wa Mau Mau aliyefikia cheo cha fildimashali na kufuga nywele zake za msituni hadi mwaka 2022, aliaga dunia Septemba 2023. Wapo wengine wasiojulikana na wanahabari, na kila Jumamosi magari ya mazishi hupita hapa barabarani.

Msichana wangu nimemwandikia barua mbili za mapendekezo, moja ya hapa nchini na nyingine ya Makerere, na tumekubaliana pendekezo lake alipeleke upya likiwa na wasimamizi wawili, mmoja wa isimu na mmoja wa historia. Nilimpata mwanahistoria huyo kwa kumfuata kwenye mkahawa siku tatu mfululizo. Madaftari tumeyapiga picha ukurasa kwa ukurasa, na yenyewe yamerudi Murang'a kwa mwenyewe, ambaye yu hai na ana miaka themanini na sita. Juma lililopita msichana alinipigia simu akiwa huko. Alisema nyanyake amekana kabisa kuwa lile daftari la kati lilichomwa. Anasema alimwazima mwekahazina, mwaka ambao hakumbuki, na mwekahazina huyo aliolewa Nyandarua.